Tomaso wa Zamu ya Usiku

Swali tunaloulizwa mara nyingi zaidi na waumini wenzetu, hasa wanaojiandaa kusafiri kwenda Pemba au Dar es Salaam, ni hili: mnasali kabla ya kuigusa injini? Tunajibu kwamba tunasali. Muulizaji hushusha pumzi, hushukuru, na mazungumzo huishia hapo. Katika maandishi haya tumeona tuyaendeleze kidogo, maana jibu letu ni la kweli lakini limewapa wengi amani ambayo sisi hatukuwaahidi.

Tu kikundi kidogo cha Wakristo tunaofanya kazi za usiku katika uwanja wa ndege wa Abeid Amani Karume, pale Kisauni. Wengi wetu ni mafundi wa ndege, mmoja anatunza stoo ya vipuri, mwingine anajaza mafuta. Tunasali Mkunazini, katika Kanisa Kuu la Kristo, na kila Alhamisi jioni kabla ya zamu tunakutana kwa nusu saa ya maombi. Baada ya hapo tunapanda daladala kwenda kazini na vyakula vyetu katika vibakuli, na Mji Mkongwe tunauacha ukielekea kulala.

Ndege nyingi tunazozishughulikia ni ndogo, zile ambazo abiria wa kiti cha mbele anaweza kusoma geji za rubani. Aina tunayoijua zaidi ni Cessna Caravan. Ina injini moja tu. Mchana kutwa inaruka: Dar es Salaam kama dakika 20, Pemba kama nusu saa, inarudi, inapakia, inaondoka tena. Haina nafasi ya kutengenezwa mpaka jua lizame, na ndiyo sababu fundi wa ndege ni mtu wa usiku.

Kisiwa chetu nacho kina adui wake, nao ni chumvi. Aliyezaliwa Unguja hahitaji maelezo marefu, maana ameona bawaba za milango zinavyoliwa na mabati yanavyochakaa kabla ya wakati wake. Hewa hiyohiyo ya bahari ndiyo injini inayoivuta, na chumvi hukaa juu ya mapanga yanayoshindilia hewa. Basi tunaiosha kwa maji safi, tunaikausha, tunakagua oili, tunatazama vichujio, tunafungua kizibo hiki na kukirudisha, tunafunga vifuniko, tunaandika katika daftari na kutia sahihi. Ni kazi isiyo na miujiza. Mtu akituangalia kwa saa moja atachoka kabla yetu.

Ugumu uko kwenye saa zenyewe. Kati ya saa nane na saa kumi na moja usiku mwili wa binadamu unataka kulala, umelala mchana au hukulala. Macho yanatazama lakini hayaoni. Mtu anasoma mstari mmoja mara tatu. Si ajabu kwamba ajali kadhaa kubwa za viwandani ambazo dunia inazikumbuka zilianza usiku: Three Mile Island kule Marekani mwaka 1979 saa kumi alfajiri, Bhopal nchini India mwaka 1984 katikati ya usiku, Chernobyl mwaka 1986 saa saba na dakika 23. Sababu zake zilikuwa nyingi na hazifanani, lakini zilikutana katika saa hizi hizi ambazo sisi tumeshika spana.

Tukio tunalolisimulia kwa kila kijana anayejiunga nasi lilitokea mbali, mjini Miami, tarehe 5 Mei 1983. Ndege kubwa ya shirika la Eastern Air Lines, Lockheed TriStar yenye injini tatu, iliondoka karibu saa tatu asubuhi kwenda Nassau katika visiwa vya Bahama, ikiwa na watu 172. Usiku uliotangulia mafundi wawili walikuwa wamebadilisha vizibo vya sumaku katika injini zote tatu. Kizibo hicho ni kitu kidogo cha kushika kiganjani. Kinaingia mahali oili inapopita, na sumaku yake hunasa chembe za chuma, ili fundi ajue mapema kama kuna kinachosagika ndani. Kila kizibo huvishwa pete za mpira ili oili isivuje.

Kwa kawaida mafundi wale walivichukua vizibo kwenye kabati la msimamizi wao, vikiwa vimekwisha kuvishwa pete. Usiku ule kabati lilikuwa tupu. Vikatolewa vingine stoo, na hivyo havikuwa na pete. Hakuna aliyetazama. Kadi ya kazi iliandika wazi kwamba pete mpya zifungwe, nao wakatia sahihi kama walivyotia siku zote, kwa sababu siku zote pete zilikuwapo. Injini zikazungushwa kwa sekunde 10 hivi kuona kama zinavuja. Oili haikuonekana. Kumbe sekunde 10 hazikutosha.

Angani, injini ya katikati ndiyo iliyoanza kupoteza oili. Marubani wakaizima na kugeuza kurudi Miami. Kisha geji za injini mbili zilizobaki nazo zikashuka hadi sifuri, na wao, watu wenye ujuzi wa miaka, wakadhani geji ndizo zilizoharibika, maana injini tatu kuishiwa oili kwa pamoja lilikuwa jambo ambalo akili ilikataa kulipokea. Muda si muda moja ikazima, halafu na ya pili. Ndege ile ikawa inashuka juu ya bahari bila injini hata moja, abiria wamevaa maboya, wameambiwa wajiandae kutua majini. Zilipobaki kama futi 4,000 ndipo wakafanikiwa kuiwasha tena ile waliyoizima mapema, na kwa hiyo moja wakatua Miami. Hakuna aliyeumia.

Kijana akisikia habari hii kwa mara ya kwanza hukimbilia mwisho wake, kwamba Mungu aliwaokoa. Sisi tunamrudisha kwenye kabati. Tunamwuliza: mafundi walikuwa wangapi? Wawili. Mmoja alifunga vizibo kwenye injini za mabawa, mwenzake akafunga ile ya mkiani. Mikono ilikuwa tofauti na macho yalikuwa tofauti. Ilikuwaje injini zote tatu zipate dosari ileile? Jibu ni kwamba wote wawili waliamini kitu kimoja. Waliamini kwamba kinachokuja mikononi mwao kimekuja kamili, kwa kuwa jana kilikuwa kamili. Hawakuwa wavivu kuliko sisi, wala hawakuwa waovu.

Matukio mengine tunayoyajua ya injini za usiku yana sura hiyohiyo. Tarehe 23 Februari 1995 Boeing 737 ya British Midland iliruka kutoka East Midlands, Uingereza, na baada ya muda mfupi injini zake zote mbili zikawa zinamwaga oili. Usiku wake injini zilikuwa zimechunguzwa ndani kwa kamera nyembamba, kazi ikahama kutoka kwa fundi aliyeianza kwenda kwa mwingine kwa maneno ya mdomo, huyo wa pili akakatizwa mara nyingi na shughuli nyingine, na vifuniko viwili havikurudishwa. Ndege ilitua Luton salama. Tarehe 24 Mei 2013, Heathrow, Airbus ya British Airways iliyokuwa ikienda Oslo ilipoteza vifuniko vya injini zote mbili wakati wa kupaa, na ikarudi na moto katika injini moja. Mafundi wawili wa zamu ya usiku walikuwa wameviacha vifuniko bila kuvifunga sawasawa kwa nia ya kwenda kuchukua kifaa na kurudi. Walirudi, lakini kwenye ndege nyingine iliyofanana nayo. Wakakuta vifuniko vimefungwa, wakadhani mwenzao amewasaidia. Tukilisimulia hili watu hucheka, nasi tunawaacha wacheke. Kisha tunawatembeza kwenye maegesho usiku, ambako Caravan tatu zimejipanga zikitazama upande mmoja, zote nyeupe, na hapo kicheko hupungua.

Mpaka hapa msomaji ameona kwamba katika visa vyote vitatu watu walishuka salama. Ni visa vitamu kuvitolea ushuhuda kanisani. Lakini haitakuwa haki kuishia hapo. Tarehe 25 Mei 1979, mjini Chicago, injini ya kushoto ya DC-10 ya American Airlines iling'oka wakati wa kupaa. Wiki nane hivi kabla ya hapo, katika matengenezo, injini ilikuwa imeondolewa pamoja na mhimili wake kwa kutumia foklifti, njia ambayo iliokoa saa nyingi za kazi lakini haikuwa njia ya mtengenezaji. Mhimili ukapata ufa ambao hakuna aliyeuona. Walikufa watu 273, wakiwamo wawili waliokuwa chini. Hatuna shaka kwamba ndani ya ndege ile wapo waliosali, na kwamba wapo waliowaombea nyumbani.

Kwetu pwani tukiwa msibani tuna maneno tunayoambiana, Wakristo na Waislamu: kazi ya Mungu haina makosa. Tumeyasema na kuyapokea, na tukiwa tumefiwa yametushika mkono. Tuliyasikia sana Septemba 2011, baada ya MV Spice Islander kuzama usiku wa kuamkia tarehe 10 ikitoka Unguja kwenda Pemba na watu wengi kupita uwezo wake. Mamia walipotea. Hakuna nyumba ya Unguja au Pemba ambayo haikumjua mtu aliyemjua mtu. Katika matanga yale maneno hayo yalikuwa mahali pake. Tatizo ni pale yanapotoka matangani na kuingia katika ofisi ya uchunguzi. Kuijaza meli si kazi ya Mungu. Kuacha pete ya mpira stoo si kazi ya Mungu. Ni kazi ya mwanadamu, na kazi hiyo ina makosa, na anayemtwika Mungu makosa ya fundi anamsingizia, hata akifanya hivyo kwa sauti ya unyenyekevu. Tunalisema hili kwa ukali kidogo. Tumesikia mara nyingi mno shetani naye akilaumiwa kwa nati ambayo haikukazwa.

Tuna mtume mmoja tunayempenda kuliko ilivyo kawaida katika mahubiri. Tomaso hupigwa kila mwaka baada ya Pasaka. Anaitwa mwenye shaka, watoto wanaonywa wasiwe kama yeye. Sisi tukiisoma habari yake tunamwona mwenzetu. Wenzake kumi walimwambia wameona, naye akasema hawezi kutia sahihi kwa macho ya watu wengine, mpaka aguse mwenyewe. Tunajua Bwana alimwambia neno kuhusu wale wasioona na bado wakasadiki. Lakini kwanza alimnyoshea mikono na ubavu. Hakumfukuza chumbani kwa kutaka kugusa. Tukithubutu kuweka picha ya mtakatifu katika hanga yetu, na hatutathubutu, maana hanga ni ya watu wa dini zote, ingekuwa ya Tomaso.

Imani ya wokovu ni jambo moja, na kumwamini mwenzako kwamba amefunga kifuniko ni jambo jingine, ingawa Kiswahili kinatumia neno lilelile. Hapo ndipo tulipopata shida kubwa kuliko zote tulizowahi kupata kama kikundi.

Katika kazi yetu kuna hatua ambazo sahihi ya mtu mmoja haitoshi. Mtu wa pili, ambaye hakushiriki kazi ile, anakuja na tochi yake na kukagua upya kana kwamba hakuna aliyefika pale kabla yake. Kwenye ndege za injini mbili upo pia utaratibu kwamba fundi mmoja asizishike injini zote mbili usiku mmoja, ili kosa likiwapo lisirudiwe upande wa pili. Caravan haina upande wa pili. Ina injini moja, na kinga yake ni yule mtu wa tochi. Kwa zamu yetu, mara nyingi mtu huyo ni mzee mmoja Mwislamu tunayemwita Maalim, kwa sababu ametufundisha kazi wengi wetu na kwa sababu hasemi sana.

Usiku mmoja Maalim alikagua kazi ya ndugu yetu mmoja, kijana mwaminifu kupita kiasi, ambaye pia alikuwa akituandikia kumbukumbu za kikundi. Alifungua kila kilichofungwa na kugusa kila nati. Hakukuta kitu. Kazi ilikuwa safi kabisa, na akasema hivyo. Lakini ndugu yetu alikuwa amesimama kando na kitambaa mkononi, uso umebadilika.

"Kwani Maalim huniamini?"

Maalim akamjibu bila kugeuka: "Usiku huu simwamini mtu, mwanangu. Hata mimi sijiamini."

Jibu lilikuwa la haki, lakini halikutosha. Baadaye tulielewa kwa nini. Mahali alipofanya kazi kabla ya kuja kwetu vilipotea vifaa, na kwa miezi alipekuliwa mfuko wake mlangoni kila akitoka, yeye peke yake, mbele ya watu, mpaka vifaa vikaonekana kwingine na hakuna aliyemwomba radhi. Kwa mtu aliyepitia hayo, tochi ya mwenzake haiwi tochi ya kukagua injini. Inakuwa ya kumkagua yeye. Aliendelea na kazi vizuri, alitusalimu, alikula nasi, lakini Alhamisi hakuja tena. Daftari la kumbukumbu alilileta kwa mkono wa mtu mwingine, limefungwa kwenye gazeti.

Tulimwendea nyumbani kwake, mtaa wa Kikwajuni, wawili wawili. Tulimwambia habari za Miami, ambazo alizijua kuliko sisi. Alitukaribisha chai, akatusindikiza hadi barabarani. Mmoja wetu alipata wazo la kwenda kumwomba Maalim amwambie neno la kumtuliza. Maalim alikataa. Alisema akianza kuchagua nani akaguliwe kwa upole na nani kwa ukali, basi tayari ameanza kuamini, na siku hiyo amwombe bosi amwondoe kwenye tochi.

Wakati huo tulijikuta tukizitazama kwa macho mapya nguzo za kanisa letu. Waumini wa Mkunazini tunakaa kila Jumapili karibu na kazi ya mafundi iliyokosewa. Mgeni akiingia, mwongozaji wa watalii humwonyesha nguzo za upande wa magharibi, kunako kisima cha ubatizo, na kumwambia kwamba zimesimamishwa kichwa chini. Jiwe la msingi la kanisa liliwekwa siku ya Krismasi mwaka 1873, mahali palipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka huohuo, na Askofu Edward Steere ndiye aliyeusimamia ujenzi. Inasimuliwa kwamba mafundi walizisimamisha nguzo zile wakati askofu hayupo, na aliporudi akaziacha zilivyo. Watalii hupiga picha na kutabasamu. Ni kosa lililosamehewa na mawe yenyewe, maana nguzo ya namna ile inabeba kichwa chini kama inavyobeba kichwa juu.

Tulizungumza sana juu ya nguzo hizo tukingoja daladala. Mtunza stoo wetu alisema mafundi wale walikuwa na bahati ya kujenga, kwa kuwa jengo linakuvumilia. Mwingine akasema swali si nguzo, swali ni kwamba mafundi walikuwa wengi na hakuna hata mmoja aliyemwambia mwenzake, hebu ngoja, mbona upande mpana uko juu? Au alikuwapo aliyeona akanyamaza, akichelea kuambiwa anajifanya anajua. Hatuwezi kujua. Lakini tunaijua hofu hiyo. Kijana wa mwaka wa kwanza akimwona mkubwa wake amekosea, ulimi wake unakuwa mzito kuliko spana, kwa kuwa amelelewa vizuri. Adabu yetu ya pwani, ambayo tunaipenda na tunawafundisha watoto wetu, saa kumi alfajiri inaweza kuua.

Katika Torati kuna sheria ambayo ni kama iliandikwa na mtu wa karakana. Iko katika Kumbukumbu la Torati sura ya 19. Mtu anakwenda msituni na jirani yake kukata kuni, anainua shoka, chuma kinachomoka kwenye mpini na kumpiga mwenzake, naye anakufa. Hakumchukia. Hakukusudia. Mpini ulikuwa umelegea. Kwa mtu wa namna hiyo iliwekwa miji ya kukimbilia, sita kwa jumla, ili mwenye kutaka kisasi asimwue kabla habari haijasikilizwa. Tuliisoma sura hiyo Alhamisi tatu mfululizo. Jambo lililotushangaza ni kwamba sheria inajua shoka hulegea. Haisemi kwamba mtu mcha Mungu shoka lake halitachomoka.

Shughuli ya usafiri wa anga nayo ilichelewa kugundua kwamba inahitaji miji ya namna hiyo. Mwaka 1976 Marekani ilianzisha mfumo ambao rubani, fundi au mwongoza ndege anaweza kuandika kosa lake, au alilolinusa kabla halijatokea, na barua yake ikapokelewa na NASA, ambao si wenye mamlaka ya kumwadhibu. Jina huondolewa, funzo hubaki. Maana yake ni kwamba anayesema hapotezi kazi kwa kusema, na mwingine aliye mbali anaonywa. Aliyelewa kazini, au aliyeharibu kwa makusudi, huyo hana mji wa kukimbilia, kama ambavyo hata Torati haikumpa mwuaji wa kukusudia.

Alhamisi ya tatu ndugu yetu alikuja. Hakusema kwa nini. Alikaa karibu na mlango, akasikiliza, kisha akauliza swali ambalo mpaka leo tunalo. Alisema: aliyeshika shoka ana mji wa kwenda. Aliyepigwa na chuma alikuwa na mke, na pengine watoto. Mbona sura haisemi wao wanakimbilia wapi?

Tulitazamana. Mmoja wetu alianza kujibu kwa habari za mbinguni, akaacha katikati. Tukafunga kwa Sala ya Bwana na kwenda kazini. Usiku ule ndugu yetu alifunga injini, na Maalim alipokuja na tochi, kijana alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya: alichukua taa yake akamwangazia kwa upande wa pili, pale ambapo tochi ya mzee haifiki vizuri. Hawakuzungumza. Hatusemi kwamba yameisha. Bado kuna Alhamisi anakuja na Alhamisi haji, na daftari la kumbukumbu anaandika mtu mwingine.

Tumejifunza pia kupanga mambo madogo. Mwezi wa Ramadhani sisi Wakristo ndio tunaobeba kazi za saa za futari, na wenzetu wakienda kula daku tunakaa na injini, lakini hakuna kazi inayobadilisha mikono kwa maneno matupu. Iliyofunguliwa inaandikwa kwamba iko wazi, na kipande cha kitambaa chekundu kinafungwa pale ili hata kipofu akipapasa akione. Krismasi na Pasaka wao hutubebea vivyo hivyo. Simu zinabaki kwenye makabati. Waumini wenzetu mtusamehe kwa hilo: mkituma maombi ya dharura saa tisa usiku, tutayasoma kukipambazuka. Yule fundi wa Uingereza aliyesahau vifuniko alikuwa akiitwa huku na kule, na kila aliyemwita alikuwa na sababu nzuri.

Basi, kuhusu lile swali la mwanzo. Tunasali, ndiyo. Yako maombi katika Zaburi ya 19 ya mtu anayetaka kutakaswa makosa ambayo mwenyewe hayaoni, na hayo ndiyo tunayoyaomba, karibu kila Alhamisi. Kisha tunakwenda mahali ambapo makosa hayo, kama yapo, yataonwa na mtu mwingine, mara nyingi asiye wa dini yetu, na tunajitahidi kutokunja uso.

Mwaka huu tulimwomba Padri kwamba katika maombi ya Jumapili, baada ya kuwaombea wasafiri, aongeze walio kazini usiku. Alikubali, akatutaka tumwandikie ni kina nani. Tulianza na mafundi wa ndege. Mtunza stoo akaongeza wanaojaza mafuta. Mtu akawakumbuka wauguzi wa Mnazi Mmoja, mwingine mafundi wa injini za boti pale Malindi, mafundi wa umeme, walinzi, waoka mikate wa Darajani, mama anayelea mgonjwa. Ndugu yetu, ambaye Alhamisi ile alikuwapo, aliomba kalamu akaandika mstari wa mwisho: na wenye kukagua. Padri aliusoma Jumapili iliyofuata, akasita kidogo, akatutazama juu ya miwani, kisha akaendelea.